Sindano ya Magunia

Kitundu cha kurudishia mashine kiwandani hutengenezwa chembamba makusudi, ili mtu asije akakibonyeza kwa bahati mbaya. Waliokibuni hawakujua kwamba Babati, mwezi wa nane, kila nyumba ya mnunuzi wa mbaazi ina sindano ya magunia.

Sindano hiyo ndiyo aliyoitumia mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, Jumamosi moja saa nne asubuhi. Aliiingiza ncha kwenye kitundu cha kituo cha kwanza cha waifai, akahesabu mpaka kumi, akaenda cha pili, akaenda cha tatu. Kisha, kwa kuwa mkono ulishazoea, akamalizia na kisanduku cha faiba kilichopigiliwa ukutani nyuma ya kabati la vyombo. Alipoanza kazi hiyo, vitu viwili tu ndani ya ile nyumba vilikuwa vimegoma: printa ya dukani na kamera ya getini. Alipomaliza, hakikubaki kitu.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya baba mdogo, ambaye amenipa sharti kwamba nisimtaje jina. Sharti jepesi. Sijawahi kumwita kwa jina tangu nizaliwe.

Nyumba yake iko Maisaka, upande ambao ukifungua dirisha asubuhi Mlima Kwaraa unakuwa wa kwanza kukusalimia. Mbele, uso kwa uso na barabara, kuna steshenari ya mama mdogo. Katikati ni nyumba kubwa ya tofali za kuchoma, na nyuma, ukishavuka ua, kuna ghala la mbaazi na vyumba viwili vya wapangaji. Faiba inaishia sebuleni. Ruta moja haikutosha: ukikaa dukani unaona vistari viwili, ukienda ghalani huoni kitu. Ndipo akanunua, kupitia mtu aliyekwenda Kariakoo, seti ya vituo vitatu ya zile zinazoitwa meshi, yaani wavu. Kituo mama kikakaa sebuleni, cha pili dukani, cha tatu ghalani. Vyote vinatumia jina moja na nywila moja, vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe hewani, na simu ikitembea kutoka sebule hadi ghala inapokelewa na kituo hiki na kuachwa na kile kama mgeni anayesindikizwa mlango kwa mlango. Wiki mbili za kwanza baba mdogo alikuwa akienda ghalani bila sababu, anafungua video ya bei za mazao, anatabasamu, anarudi.

Jumamosi ile zilikuwa siku za mwisho za maombi ya mkopo wa chuo. Anayeijua steshenari ya mji mdogo anajua maana yake. Mwombaji anajaza taarifa zake kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, anachapa fomu, anaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wakili au mahakamani igongwe mihuri, anarudi kurasa zenye sahihi zipigwe skani na kupakiwa. Bila printa hakuna fomu, bila fomu hakuna muhuri. Binti mmoja alikuwa ametoka Bonga alfajiri na bahasha ya kaki mkononi. Mama mdogo akabonyeza kuchapa, kompyuta ikajibu kwamba printa haionekani. Akaita mwanawe. Mwanawe akampigia rafiki yake. Rafiki akasema: riseti vyote, ndiyo dawa.

Mimi nilipigiwa saa sita mchana.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mtandao umekufa."

"Umekufa wote, au kuna kitu kimoja hakikamati?"

"Wote."

"Tangu lini?"

Kimya kidogo. "Asubuhi ilikuwa printa na ile kamera."

"Na simu zenu asubuhi?"

"Simu zilikuwa zinakula mtandao kama kawaida. Sasa ndiyo hata simu hazipati. Mdogo wako amerudisha kila kitu kiwandani."

Hapo nilikaa chini, kwa sababu kisa kilikuwa kimeshaisha kabla sijaitwa. Simu zilikuwa zinapata intaneti. Maana yake faiba ilikuwa nzima, kisanduku kizima, kituo mama kizima, malipo ya mwezi yamelipwa. Kosa lilikuwa dogo na lilikuwa limejichora lenyewe: vimegoma vitu viwili, vya zamani kuliko vyote vilivyomo nyumbani, na vimegoma usiku mmoja. Ushahidi wa namna hiyo fundi huulipia. Na sindano ilikuwa imeufuta.

Watu wengi huchanganya mambo mawili hapa. Kuzima na kuwasha ni kumwamsha mtu aliyesinzia. Anaamka, anakumbuka jina lake, anaendelea na kazi. Hilo lifanye bila hofu, ila anza na kisanduku cha faiba, ngoja taa zitulie, kisha kituo mama, kisha vingine, maana wakiamka wote kwa pamoja, kama inavyotokea umeme ukirudi, wadogo hutafuta mama ambaye bado hajatoka kitandani. Kurudisha kiwandani ni jambo jingine kabisa. Mashine inasahau jina la mtandao, inasahau nywila, na kisanduku cha faiba kinasahau kitu ambacho mwenye nyumba mara nyingi hana nakala yake: jina la mteja na neno lake la siri, ambavyo fundi wa kampuni aliviingiza siku ya kufunga huku nyinyi mkimtengea chai.

Nilimwomba mdogo wangu anipigie kwa video, kwa bando la simu, anionyeshe taa. Iliyoandikwa PON ilikuwa kijani, imetulia. Iliyoandikwa LOS ilikuwa imezimika, na hiyo ndiyo ninayotaka kuiona imezimika. Ikiwaka nyekundu mwanga haufiki, na waya umekatika mahali au umepindwa kupita kiasi. Kwa hiyo mwanga ulikuwa unafika mpaka ukutani. Kisanduku kilikuwa mlangoni kwa kampuni kinabisha hodi, kinaulizwa "nani?", hakina la kujibu.

Kampuni ilisema Jumatatu. Sina ugomvi nao, Jumamosi mchana ni Jumamosi mchana kila mahali. Binti wa Bonga alipanda bodaboda kwenda kutafuta steshenari nyingine mjini, na waliomfuata siku hiyo na kesho yake walikuta kibao cha mama mdogo kimegeuzwa.

Jumapili nikapanda basi kutoka Arusha. Ni safari ya kilometa kama 170, inakupa muda wa kutosha wa kumhukumu mdogo wako. Lakini tulipoipita Minjingu nikakumbuka Jumapili nyingine, ya tarehe 12 Mei 2024, na hukumu ikanishinda. Siku hiyo intaneti ilikufa nyumbani kwangu. Mimi, fundi, ninayelipwa kwa kazi hii, nilizima na kuwasha ruta mara nne, nikabadilisha kebo, nikamtuhumu jirani kwamba mti wake umegusa waya. Nilikuwa hatua moja kabla ya kurudisha ruta kiwandani. Jioni ndipo nikasikia kwamba mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, imekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimebaki zinahema. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga huduma zake kwa umma tarehe 14 na 15.

Na aibu yangu ni hii: asubuhi ile ile ya Mei, katikati ya kuhangaika, nilichapa barua kwenye printa yangu kwa waifai. Ikatoka. Printa ilikuwa inanieleza kwa karatasi nyeupe kwamba ndani ya nyumba yangu kila kitu kinaongea na mwenzake, kwamba kilichoharibika kiko nje. Sikuisikiliza. Babati ilikuwa kinyume chake: intaneti ipo, printa haipo, kosa liko ndani. Swali ni moja kwa nyumba zote mbili, kosa liko ndani au nje, na sote wawili tulilipita mbio.

Baba mdogo amefuga tangu ana akili. Usiku wa kufika kwangu, tulipokuwa tunakula, nilimuuliza, "Ng'ombe mmoja akikataa majani asubuhi, unafanyaje?"

"Naangalia wenzake wanakula? Nauliza jana alichungwa wapi, alikunywa wapi."

"Huwahamishi wote boma?"

Hakunijibu. Alimtazama mwanawe, na mwanawe akatazama wali wa Magugu uliokuwa mbele yake kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

Jumatatu saa tatu asubuhi kampuni ilisoma jina la mteja na neno la siri kwenye simu, herufi moja moja. Baba mdogo aliyaandika mwenyewe kwenye daftari la mbaazi, kati ya uzito wa magunia ya Jumatano na deni la mtu wa Dareda. Nikaingiza, taa ya intaneti ikageuka kijani.

Tukaja kwenye vituo. Nilimwambia mdogo wangu aupe mtandao jina lile lile la zamani na nywila ile ile, herufi kubwa kwa kubwa, nafasi kwa nafasi. Hili watu hulipuuza. Wakishaanza upya hutaka na jina jipya, halafu wanashinda siku nzima wakizunguka kila TV na kila kamera kuingiza nywila kwa rimoti. Kifaa hakijui kwamba umebadilisha mashine. Kinachokumbuka ni jina na nywila. Ukivirudisha vilivyokuwa, kinarudi chenyewe. Simu zikarudi. Kamera ya geti ikarudi. Na printa, ambayo Jumamosi iligoma, ikarudi kwa utulivu kana kwamba haikuwahi kuondoka.

"Si unaona," mdogo wangu akasema, "riseti ilikuwa dawa."

Nilikuwa nafikiria namna ya kumjibu pale programu ya simu ilipofungua ukurasa wa mwisho, wenye ngao ya bluu na maneno yanayomshauri aboreshe usalama wa mtandao. Dole gumba lake lilikuwa limeshafika.

"Subiri. Hii uliibonyeza na mara ya kwanza?"

"Siku ya kwanza niliruka. Niliibonyeza Ijumaa usiku, ilikuja tena."

Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi printa haipo.

"Bonyeza," nikasema.

Vituo vikafumba taa na kufumbua, dakika kama mbili. Simu zote zikarudi. Printa haikurudi. Kamera haikurudi. Tulisimama watu wanne tukitazama kitaa cha bluu cha printa kikipepesa bila kukoma, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Ile ngao ya bluu ilikuwa imehamisha mtandao kwenda WPA3, aina ya ulinzi iliyotangazwa mwaka 2018. Printa ya mama mdogo ilinunuliwa 2014. Yenyewe inajua WPA2, ya mwaka 2004, na ukiisemesha lugha nyingine haioni hata kama kuna mtu anaongea. Simu mpya zinajua zote mbili, ndiyo maana hakuna mwenye simu aliyehisi chochote. Ushauri wa programu haukuwa mbaya, WPA3 ni bora kweli. Ila programu haikuwa imeulizia umri wa printa. Kwenye mipangilio kulikuwa na chaguo la tatu, linalokubali zote mbili. Tukaliweka, tukahesabu dakika mbili nyingine, kitaa cha printa kikatulia. Kamera ikafuata.

Kwa hiyo riseti ilitibu kweli, kwa bahati, kwa kufuta kosa pamoja na kila kitu kingine, na bila kumwambia yeyote kosa lilikuwa nini. Kama ile ngao isingerudi nikiwapo, angeibonyeza siku nyingine peke yake na sindano ingerudi mkononi.

Nilidhani tumemaliza. Mama mdogo akaketi dukani, akabonyeza kuchapa. Kompyuta ikasema printa haionekani.

Hapa nakiri nilitoa neno ambalo si la kuandikwa. Intaneti kwenye laptopu yake ilikuwa inakwenda vizuri, printa imeunganishwa, vyote viko meza moja. Nikafungua anwani za mtandao. Laptopu ilikuwa na 192.168.1.7. Printa ilikuwa na 192.168.0.23. Tazama tarakimu ya tatu, moja ina 1, nyingine ina 0. Hizo ni nyumba mbili tofauti. Kisanduku cha faiba kina waifai yake chenyewe, ambayo ilizimwa siku vituo vilipofungwa. Sindano ilipokirudisha kiwandani ikaiwasha tena, na laptopu, ambayo iliwahi kuijua zamani kwa jina lililo kwenye stika, ikaikimbilia. Kisanduku kinagawa anwani zake, kituo mama kinagawa zake. Wote wanafika intaneti, kwa hiyo kila mtu anasema mtandao uko sawa, lakini wa nyumba hii hamwoni wa nyumba ile hata wakikaa bega kwa bega. Nikaizima waifai ya kisanduku, nikaviambia vituo viache kazi ya kugawa anwani, kisanduku kigawe peke yake. Fomu ya kwanza ikatoka saa sita kasoro. Haikuwa ya binti wa Bonga.

(Siku ukifungua kompyuta yako ukakuta anwani inayoanza na 169.254, usiisumbue. Hiyo imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Nenda kamuulize anayepaswa kugawa kwa nini hajibu.)

Lilibaki ghala. Baba mdogo alikuwa na malalamiko yake ya muda mrefu, ambayo alikuwa ameyafanyia nadharia: asubuhi kampuni inabana mtandao, jioni inaachia, kwa sababu asubuhi ofisi za mkoa zinatumia. Nadharia nzuri, na ina heshima kwa makao makuu ya mkoa. Nikaenda naye uani saa moja asubuhi, Jumanne, na programu ya kupimia nguvu ya mawimbi. Karibu na mlango wa jikoni ilisoma hasi 58. Namba hizi zikiwa karibu na sifuri ndiyo nzuri. Tukapiga hatua kumi kuelekea ghalani: hasi 83, na pale kituo cha tatu kilikuwa kinashika kwa kucha. Katikati yetu na jiko kulikuwa na simtanki la lita 5,000, juu ya kitako cha zege kifupi, limetoka kujazwa.

Plastiki ya tangi mawimbi hupita. Maji ni shughuli nyingine. Wimbi la waifai ya gigahezi 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12, la gigahezi 5 nusu ya hapo, na yote mawili maji huyanywa. Wanaovua Ziwa Babati hawajawahi kuhitaji kulijua hilo. Mwenye simtanki analihitaji. Asubuhi tangi limejaa, ghala linapotea. Mchana wapangaji wanafua, mama mdogo anapika, ng'ombe wananyweshwa, maji yanashuka, na jioni mawimbi yanapita juu ya maji yaliyobaki. Ofisi za mkoa hazikuhusika. Tukakihamisha kituo cha tatu kwenye kona ya pili ya ghala, ambako kinauona mlango wa jikoni bila kupitia tangi, na ghala likasoma hasi 64 tangi likiwa limejaa mpaka shingoni. Dawa kamili ni kufukia kebo ndani ya bomba kutoka sebuleni. Inafika mita 100 bila kulalamika na haijali maji wala ukuta. Baba mdogo amesema atainunua mbaazi zikishauzwa. Hajasema mbaazi za mwaka gani.

Nilirudi Arusha. Wiki tatu baadaye, jioni, simu ikaita.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. TV ya chumbani haikamati. Simu chumbani humo inakamata kwa shida. Sebuleni kila kitu kinakamata, dukani kila kitu kinakamata, ghalani nimetoka kuangalia sasa hivi. Ilianza leo mchana."

"Leo kuna aliyegusa kitu?"

"Nimeuliza. Mdogo wako anaapa hajagusa. Programu haijaleta ngao yoyote." Nyuma ya sauti yake nilisikia uzi wa nailoni ukipita kwenye gunia, unavutwa, unapita tena. "Ila mama yako mdogo amehamisha kabati. Lile la nguo. Amelileta ukuta wa sebuleni."

"Lile lenye kioo kirefu?"

Uzi ukasimama.

"Kioo," akasema, polepole. "Kile sasa kimesimama kati ya kituo mama na TV."

Sikusema kitu.

"Ngoja," akasema baba mdogo, "niweke hii sindano mezani."